Kwa Nini Usingizi Humkimbia Mchimbaji

Sogeeni, wadogo zangu, leo tuzungumze habari za usingizi.

Kule Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenye vilima vya malisho, mchungaji huamka alfajiri kwa sababu ng'ombe wanataka kukamuliwa. Baridi inauma, naye kajifunika blanketi, lakini macho makavu. Jioni giza likiingia, huyo kajilaza. Kazi yake inafuata jua, na usingizi humjia bila kuitwa.

Sasa twendeni magharibi, Walikale, tuingie msituni hadi mlima wa Bisie. Hapo wachimbaji walianza kufukua kasiterite, mawe yanayotoa bati, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla kampuni ya madini haijaanza kuzalisha kwa mitambo mwaka 2019, maelfu ya vijana waliingia mashimoni kwa nyundo na patasi, tochi kichwani. Shimo lenyewe jembamba, joto, hewa nzito. Unatambaa kwa magoti. Timu moja ikitoka, nyingine inaingia, na wengine walikaa chini siku kadhaa. Anayetoka hajui kama ni asubuhi au jioni mpaka jua limpige machoni.

Basi anajitupa chini ya turubai, mifupa yote inauma, na bado usingizi hauji! Au unakuja kidogo, kisha unakatika saa sita mchana. Kwa nini?

Mnaujua mmea wa kifauwongo, ule unaokunja majani ukiguswa? Usiku pia huyakunja. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques de Mairan aliufungia mmea wa aina hiyo gizani. Hakukuwa na jua, lakini majani yaliendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku. Kumbe saa ilikuwa ndani ya mmea wenyewe!

Nasi tunayo. Imo ndani ya ubongo, nyuma ya macho, na mwanga ndio unaoirekebisha. Giza likiingia, mwili humwaga homoni ya melatonini, joto hushuka, tunasinzia. Kukicha, mambo hugeuka. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi. Waliichunguza kwa vijinzi wadogo wa matunda. Kwa hiyo mchimbaji anayelala mchana anashindana na mwili wake mwenyewe, na lile jua la asubuhi analokutana nalo mlangoni mwa shimo linaiambia saa yake: amka.

Hili linaniuma, kwa sababu usingizi uliopungua hauishii kitandani. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2000 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 hukosea kama aliyekunywa pombe. Sasa mfikirieni mchimbaji huyo chini ya mwamba unaoweza kuporomoka, nyundo mkononi.

Kwa hiyo baba au kaka akirudi kutoka zamu ya usiku, tundikeni kitenge kizito dirishani, wachukueni wadogo wakacheze mbali, na sombe ya leo katwangieni kwa jirani.