Tangi Nalo Hupumua

Hakuna kati yetu ambaye hajawahi kumimina maji kutoka kwa mtungi wa lita 20. Ukiuinamisha kwa pupa hata mdomo wote ukajaa, maji hayatiririki. Yanatoka kwa vishindo: gubu, gubu, gubu! Kati ya gubu moja na jingine mtungi huwa unavuta hewa, na usipouachia nafasi ya kuvuta, hautoi kitu. Tangi la petroli la gari kuukuu lina tabia iyo hiyo. Nimeamua kulieleza jambo hili kwa sababu nimeona gari zima likikaribia kuuzwa kwa kilo, kama vyuma vikuukuu, na kisa chenyewe ni kitundu kisichozidi unene wa kijiti cha kiberiti.

Gari ni la mjomba wangu, Volkswagen Beetle ya miaka ya sitini, lile lenye mgongo wa kobe. Watu hulicheka, lakini aina hiyo ilishinda mbio za Safari mwaka wa 1954, 1957 na 1962, na lile la mwisho liliundwa huko Mexico mwaka wa 2003, yakiwa yamekwisha kuundwa zaidi ya milioni 21. Injini yake iko nyuma na tangi liko mbele, chini ya boneti. Kwa hivyo petroli husafiri urefu wa gari karibu wote ikivutwa na pampu ndogo inayoendeshwa na injini yenyewe. Kila lita ikitoka tangini, lazima lita ya hewa ishike mahali pake. Katika gari la mjomba njia ya hewa ni kitundu cha kwenye kifuniko. Mengine yana kipaipu chembamba juu ya tangi.

Sasa sikiliza ugonjwa wenyewe. Asubuhi gari linashika mara moja, linakwenda vizuri nusu saa hivi, halafu likifika mlimani linaanza kukohoa. Linazima. Mkikaa kando ya barabara robo saa, linawaka tena kama kwamba hapakuwa na neno! Fundi wa kwanza alisema, "Mzee, hii pampu imeisha." Ikanunuliwa pampu. Wa pili akalaumu kabureta, wa tatu akabadilisha plagi na koili. Zote hizo zilikuwa pesa za karo ya binamu yangu, naye alikaa nyumbani wiki tatu za muhula wa pili. Wa nne akatoa shauri la kuuza.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini gari linapona likipumzishwa. Kitundu kikiziba, petroli huendelea kutoka lakini hewa haiingii, basi mgandamizo ndani ya tangi hushuka hadi pampu ishindwe kuvuta. Ukizima, hewa hupenya polepole palipo na upenyo na mambo yanasawazika. Waama ndiyo sababu ugonjwa huu huja upesi zaidi tangi likiwa limejaa: nafasi ya hewa iliyomo ni ndogo, na kuipanua kwa lita moja tu ni kuipunguzia nguvu sana. Mjomba alikuwa akijaza tangi kila anapokwenda safari ndefu, akidhani anajikinga!

Wanafunzi wa Fizikia wapige hesabu. Chukua upande wa tangi wa sentimita 40 kwa 50. Mgandamizo wa ndani ukipungukiwa na ule wa nje kwa sehemu moja tu ya kumi ya mgandamizo wa hewa pale Mombasa, upande huo unasukumwa kwa nguvu ya nyutoni 2,000 hivi, yaani zaidi ya uzito wa magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Si ajabu matangi mengine hubonyea ndani, yakalia "ko!" barabarani.

Kupima ni bure. Gari likizima, kabla ya kugusa kitu kingine, fungua kifuniko cha tangi polepole ukitega sikio. Ukisikia "fyuuu" ya hewa ikiingia, kisha gari likawaka papo hapo bila kungoja, umempata mwizi. Kungoja peke yake hakutoshi kuwa ushahidi, kwa maana petroli ikichemka ndani ya paipu kwa joto la injini, gari huzima na kupona vivyo hivyo likipoa. Kama ni kichujio kilichoziba, kufungua kifuniko hakutabadilisha lolote, na taabu itazidi kila ukikanyaga mafuta.

Cha mjomba kilikuwa kimezibwa na udongo mkavu wa nyigu. Tulikizibua kwa waya mwembamba, mbali na jiko, kisha tukakipuliza kwa pampu ya baiskeli. Fundi mmoja alitaka atoboe tundu kubwa "ili mambo yaishe." La hasha! Tundu kubwa huingiza vumbi na maji, na petroli humwagika chini ya boneti, karibu kabisa na miguu ya abiria. Harufu ya petroli ndani ya gari si jambo la kuzoea. Tafuta paipu iliyopasuka, na asiwepo mtu wa kuwasha sigara.

Hewa hutoka pia. Lita 40 za petroli zikipanda joto kwa nyuzi 20 huongezeka kwa zaidi ya nusu lita, kwa hivyo usijaze hadi shingoni kisha uliache gari juani.

Magari ya siku hizi yana mpango mwingine: mvuke hupelekwa kwenye mkebe wenye makaa, na kifuniko huzibwa. Hayo usiyaguse kwa waya. Na hata kwa ya zamani, ukinunua kifuniko kipya kigeuze ukitazame, maana vingine vinavyouzwa havina tundu lolote, na vingine vina vali inayoruhusu hewa kuingia lakini si kutoka. Ukipuliza kwa upande wa ndani utadhani kimeziba.