PIKIPIKI KUUKUU ILIYOFUFULIWA NUSU: CHAMA KIPIME NINI KABLA YA KUNUNUA?

Hutokea pikipiki ya Kiingereza iliyolala bandani miaka mingi ikatolewa, ikapakwa rangi, kisha ikaletwa ofisini kwa chama cha msingi ili inunuliwe. Ichukuliwe kwa mfano kwamba huko Mwera, wilayani Pangani, mwanachama mjane anauza BSA Bantam aliyoachiwa na marehemu mumewe. Tangi linang'aa na magurudumu yana spoki mpya, bali injini imo sandukuni vipande vipande. Bodi inapenda kumfaa mwenzao. Tena chama kinahitaji chombo cha kuwafikia wakulima wa korosho na nazi. Nia zote mbili ni njema, lakini kila moja ina hesabu yake.

Yafaa kwanza kuijua mashine yenyewe. Bantam ilianza kuuzwa mwaka 1948, na kampuni ya BSA ya Birmingham, Uingereza, iliacha kuitengeneza mwaka 1971. Mchoro wake ulitokana na pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambayo Waingereza waliipata kama fidia baada ya Vita Kuu ya Pili. Injini ya toleo la kwanza ilikuwa na ujazo wa sentimita 123 za mraba-tatu na gia tatu, ikitumia petroli iliyochanganywa na oili. Ni mashine nyepesi na rahisi kufahamika, ndiyo maana hufufulika.

Mkaguzi wa mali hiyo azingatie mambo manne.

Kwanza, hati. Namba ya fremu na namba ya injini zilinganishwe, kila moja peke yake, na zile zilizo katika kadi ya usajili. Kadi ikiwa bado ina jina la marehemu, sharti awepo msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Bila ya hayo, chama kitakuwa kimenunua chuma na ugomvi wa warithi.

Pili, injini. Rangi haiendeshi pikipiki. Vitazamwe silinda, pistoni, beringi na sili za krenki; sili zikikauka, hewa hupenya na injini hukataa kuwaka vizuri.

Tatu, kutu. Upepo wa bahari hula chuma kimyakimya. Tangi lichunguzwe ndani kwa tochi, na fremu igongwe penye maungio.

Nne, nati na bolti. Mashine hizi zina vipimo vya Kiingereza vya inchi. Fundi akitumia spana za milimita huzivuruga pembe za nati, na hasara hiyo humwangukia mnunuzi.

Baada ya hapo ndipo bei ikadiriwe. Kwa mfano tu, ikiwa Bantam kamili inayotembea ingeuzwa shilingi 2,000,000, na vipuri vilivyosalia vinagharimu 700,000, usafirishaji na ushuru 300,000, na ufundi 200,000, basi jumla ya kazi iliyobaki ni 1,200,000. Thamani ya leo haizidi 800,000. Kulipa zaidi kwa huruma ni kutoa fedha ya wanachama bila ya idhini yao. Kulipa pungufu kwa kuwa mjane ana shida ni kumdhulumu mwenye chama.

Chama kinachotaka chombo cha kazi ya kila siku kinunue pikipiki ambayo vipuri vyake vinapatikana Tanga mjini, kwa fungu lililomo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Bantam inamfaa zaidi mpenzi wa mashine za kale, ambaye huweza kuagiza vipuri Uingereza na kungoja.

Hata hivyo msaada kwa mwanachama huyo haukosekani. Katibu amwandikie orodha ya kweli: kilichofanywa, kisichofanywa, kilichopo sandukuni na kinachokosekana, pamoja na namba zote mbili. Tangazo la namna hiyo halimfukuzi mnunuzi anayeijua mashine. Humwondolea shaka, na bei hupanda. Asiandike "imekamilika" pale ambapo injini haijawahi kuwashwa. Mjane atapata haki yake, na sanduku la chama litabaki salama kwa msimu ujao wa korosho.