Ruzuku ya Mabasi ya Umeme: Ni Chombo cha Nani?

Katika mijadala ya wanachama juu ya usafiri wa mijini, neno ruzuku hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni sadaka, yaani fedha anayoitoa mwenye nacho kwa huruma yake. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba huo ni mkanganyo wa mawazo. Ruzuku ni fedha ya umma. Imetokana na jasho la wakulima na wafanyakazi wa nchi inayoitoa, na serikali inapoitoa inachagua pia ni uchumi wa nani utakaojengwa kwa jasho hilo.

Tuanze na jambo lenyewe. Basi la umeme halitoi moshi barabarani, na gharama ya kuliendesha ni ndogo kuliko ya basi la dizeli. Lakini bei ya kulinunua ni kubwa zaidi, mara nyingi maradufu na kupita, hasa kwa sababu ya betri. Halmashauri ya jiji inayopanga kwa bajeti ya mwaka mmoja mmoja itanunua dizeli kila safari, hata kama hesabu ya miaka kumi inaonyesha vingine. Kazi ya ruzuku ni kuziba pengo hilo la mwanzo. Mpaka hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza tunapouliza: fedha hiyo ikishatoka hazina, inakwenda kutua wapi?

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni mji wa Shenzhen, kusini mwa China. Mwaka 2009 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa kuingiza magari ya umeme katika huduma za umma za miji iliyochaguliwa, na Shenzhen ukawa mmojawapo. Ilipofika mwisho wa 2017, mabasi yote ya mji huo, 16,359, yalikuwa ya umeme. Ruzuku ya serikali kuu pamoja na ya mji ilibeba zaidi ya nusu ya bei ya basi. Wapo wanaosema Wachina waliweza kwa kuwa wana fedha. Fedha ilikuwapo, ni kweli, lakini fedha peke yake haielezi lolote. Mabasi mengi yaliundwa na kampuni ya BYD, ambayo makao yake makuu yako katika mji huohuo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ruzuku iligeuka kuwa mishahara, ujuzi na viwanda vya palepale. (BYD ni kampuni ya wenye hisa, na faida yake haikugawiwa umma, hilo tusilifiche.) Tena, mashirika ya usafiri yaliyachukua mabasi kwa mikataba ya kukodi ya miaka 8, na mtengenezaji akawajibika kwa betri na mota kwa muda wote huo. Aliyeuza alibaki amefungwa na kile alichokiuza.

Hata hivyo, palipo na fedha ya umma walaghai hawakosi. Mwezi Septemba 2016 Wizara ya Fedha ya China ilizitaja kampuni tano za mabasi kwamba zilijipatia ruzuku ya zaidi ya yuan bilioni 1 kwa udanganyifu. Yalikuwapo magari yaliyoandikishwa na kupewa namba wakati hayajaundwa. Baada ya hapo ikawekwa kanuni kwamba gari lisilo la mtu binafsi ni lazima liwe limetembea kilometa 30,000 kabla ruzuku yake haijalipwa. Kanuni hiyo inastahili kusomwa mara mbili na kila diwani: kinacholipiwa ni kazi ambayo gari limekwisha ifanya, wala siyo risiti. Ruzuku ya kununulia ya serikali kuu yenyewe ilifutwa mwisho wa 2022, viwanda vikiwa vimekwisha simama.

Marekani, nchi ya kibepari inayohubiri soko huria kwa wengine, haikuuachia soko huria mradi huu. Serikali yake kuu hutoa mpaka asilimia 85 ya bei ya basi lenye moshi kidogo au lisilo na moshi, kwa sharti kwamba basi liundwe nchini humo. Chini ya sheria ya mwaka 2021, asilimia 5 ya ruzuku ya mabasi yasiyo na moshi hutengwa kwa mafunzo ya wafanyakazi, isipokuwa shirika lithibitishe kwamba halihitaji kiasi hicho. Sisi tunaona kifungu hicho kina uzito kuliko vingine vyote. Shirika la UDA, lililoundwa Dar es Salaam mwaka 1974, lilikuwa na abiria tele. Kilichokosekana ni vipuri na fedha za kigeni za kuviagizia, na mwaka 1983 ikabidi mabasi ya watu binafsi yaruhusiwe.

Limebaki suala la umeme wenyewe. Mwaka 2024 zaidi ya nusu ya umeme wa China ulitokana na makaa ya mawe, kwa hiyo sehemu ya moshi ulioondoka Shenzhen imehamia penye mitambo ya kufua umeme. Tanzania inategemea zaidi maji na gesi asilia, na bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Basi la umeme la Dar es Salaam lingekuwa safi kuliko la Shenzhen, na lingepunguza dizeli inayoagizwa kutoka nje. Lakini betri nayo ingeagizwa. Dizeli tunailipia kidogo kidogo kila meli inapotia nanga. Betri tungeilipia kwa mkupuo mmoja, na baada ya miaka kadhaa tungeilipia tena. Mfadhili anayelipia ile ya kwanza ndiye atakayechagua kiwanda, na ile ya pili itabidi itoke kiwanda hichohicho.