Manukato Yanukayo Kama Nanasi

Mkulima akiingia duka la mjini aweza kuona chupa ya manukato iliyochorwa embe, nanasi au pasheni. Akiinusa, harufu ni ya tunda lililoiva. Basi hujiuliza: "Je, wenye viwanda hawa hawawezi kununua matunda yangu?" Yafaa kila mkulima ajue jibu kabla ya kupanda hata mche mmoja.

Harufu ya embe au nanasi ni kidogo sana ndani ya tunda, kwa kuwa zaidi ya sehemu nane katika kumi ni maji. Tena, ukilichemsha ili kupata mvuke wake, harufu hugeuka ikawa ya tunda lililopikwa. Kwa hiyo watengenezaji wa manukato aghalabu hutumia kemikali. Harufu ya nanasi huigwa kwa alili heksanoati, na ya nazi kwa gama-nonalaktoni. Zote mbili hutengenezwa kiwandani bila kuhitaji shamba.

Machungwa, malimau na ndimu ni mambo mengine. Mafuta yake yamo katika vifuko vidogo vya ganda. Jaribu nyumbani: minya ganda bichi la chungwa karibu na mwali wa mshumaa, nawe utaona cheche. Hayo ndiyo mafuta yanayowaka. Johann Maria Farina, wa mjini Köln, Ujerumani, alitumia mafuta ya namna hiyo katika manukato yake. Lakini tani nzima ya machungwa hutoa kilo chache tu za mafuta. Ndiyo sababu kazi hii hufanywa na viwanda vikubwa vya juisi, ambavyo tayari vina maganda mengi.

Basi, mkulima, shika mambo haya matatu:

1. Panda maembe, mananasi na pasheni kwa soko la kula na la juisi.

2. Mtu akikuahidi bei kubwa ya matunda "ya manukato", kisha akitaka ada ya kujiandikisha kwanza, usimpe hata shilingi moja. Muulize Bwana Shamba.

3. Wenye michungwa mingi wakitaka kuuza maganda, wapitie chama chao cha ushirika, na mapatano ya mnunuzi yawe kwa maandishi.

Using'oe mahindi yako kwa ajili ya harufu ya chupa. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.