Je, wajua jalada la kitabu hufanya kazi gani?

Jalada la kitabu haliwezi kukamilika kabla kurasa za ndani hazijahesabiwa. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban milimita 0.1. Kitabu cha kurasa 600 kina karatasi 300, kwa hiyo mgongo wake hufikia sentimita 3. Msanifu akikosea hesabu hiyo, maandishi ya mgongoni huhamia upande wa mbele. Na mgongo ndio pekee unaoonekana kitabu kikishapangwa rafuni.

Kurasa 600 nimezitaja kwa makusudi. Kisiwa cha Ukerewe, ambako meli za kutoka Mwanza hutia nanga Nansio, ndiko nyumbani kwa Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, ikiwa na kurasa zaidi ya 600. Jina la riwaya hiyo ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Maneno tisa! Kwa msanifu yeyote huo ni mtihani: akiyakuza, picha inakosa nafasi, akiyapunguza, mtu aliyesimama dukani hatua tatu kutoka rafuni hasomi kitu.

Hata jalada likisanifiwa vizuri, maadui wanalisubiri. Picha za rangi huchapwa kwa wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na mweusi. Juani, majenta na njano huchujuka mapema, ndiyo maana kitabu kilichokaa muda mrefu dirishani huishia kuwa cha bluubluu. Unyevu nao una hila yake. Jalada laini hupakwa utando wa plastiki upande wa nje tu. Hewa ya ziwani inapoingia, upande wa ndani usio na plastiki hunyonya maji na nyuzi zake huvimba, ilhali wa nje haubadiliki. Jalada linajikunja kuelekea nje kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Mchapaji makini hupunguza tatizo hilo kwa kuhakikisha nyuzi za karatasi zinakwenda sambamba na mgongo.

Lakini kazi kubwa ya jalada ni kumwambia msomaji anakaribishwa kwa nani. Majina manne ya Kitereza yanabeba hadithi nzima: mume na mke waliohangaika bila mtoto, kisha mwana, kisha binti. Wajerumani walipoitafsiri waliigawa vitabu viwili, na cha kwanza, cha mwaka 1991, kikaitwa Die Kinder der Regenmacher, yaani watoto wa waleta mvua. Wafaransa wakafuata njia hiyohiyo. Naelewa kwa nini: msomaji wa Berlin au Paris hamjui Bugonoka, na mvua ya Afrika inamvuta haraka. Hata hivyo naona hasara. Mwanamke aliyekuwa na jina juu ya jalada amebaki bila jina, na mahali pake pamewekwa ajabu la mbali.

Mwaka 2002 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe. Majina yote manne yalirudi, tena yakiwa yameongezewa maneno ya kueleza nani ni mke, nani mwana na nani binti. Jina likawa refu kuliko lile la Kiswahili, na msanifu akalazimika kulitafutia nafasi.