Betri iwe stima ya nyumbani

Vijana wa vikundi wametuuliza kama wanaweza kujitengenezea inveta. Inawezekana, lakini tuelewane kwanza. Betri ya gari ni volti 12. Mkiigusa kwa mikono mikavu hamsikii kitu. Ndani ya inveta, transista huisukuma stima hiyo huku na huku mara 50 kila sekunde, kisha transfoma, ile ya kushusha iliyofungwa kinyume, huipandisha hadi volti 240. Hapo si mchezo tena. Inaua sawasawa na ile ya nguzo.

Hesabu nayo wengi huiruka. Taa na redio za jumla ya wati 100 huvuta karibu ampea 10 kwenye betri, maana nyingine hupotea kwa joto. Betri ya ampea-saa 50, mkitumia nusu tu ili isife mapema, itawapa saa mbili na nusu hivi. (Pasi ya umeme sahauni, heri ya makaa.)

Anzeni na balbu moja ndogo. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri, na waya uwe mnene, mwembamba utashika moto. Upande wa volti 240 ufunikwe, na fundi wa stima aukague kabla hamjawasha.