Kuku wa Siki: Kitoweo cha Ufilipino Kimfaacho Mtu wa Zamu

Nyumba ya askari haina saa moja ya kula. Mmoja hutoka lindoni saa nne usiku, mwingine huitwa kazini sahani ikiwa mezani, na watoto nao wana saa yao ya kulala. Kwa hiyo kitoweo kiifaacho nyumba kama hiyo ni kile kisichoharibika kwa kungoja. Viazi vya kukaanga hunywea, na yai hugeuka mpira. Wiki hii, ndugu wasomaji, tunawaletea kitoweo cha kuku kutoka Ufilipino ambacho kadiri kinavyongoja jikoni ndivyo kinavyozidi kukolea. Jina lake ni adobo. Huenda wengine wenu mmekwisha kukionja Sudan Kusini, ambako askari wa Rwanda na wa Ufilipino wamewahi kutumikia chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa.

Jina hilo ni la Kihispania, na asili yake ni neno la kuloweka nyama katika viungo. Upishi wenyewe, hata hivyo, si wa Wahispania. Wenyeji wa visiwa vile walikuwa wakipika nyama kwa siki na chumvi kabla ya kutawaliwa, kwa kuwa joto la kwao huozesha nyama upesi. Kasisi Pedro de San Buenaventura, aliyechapisha kamusi ya Kitagalogi mwaka 1613, aliuona upishi huo ukifanana na wa kwao Uhispania, akauita adobo ya wenyeji, na jina likabaki. Sosi ya soya iliingia baadaye kwa njia ya wafanyabiashara wa Kichina, na leo Wafilipino wengi hawapiki bila hiyo. Jambo hili lina faida kwa mfuko wetu. Mpishi wa Kigali asiyetaka kununua chupa ya sosi ya soya hapiki kitu pungufu. Anapika adobo nyeupe, ya siki na chumvi, ambayo ndiyo ya kale.

Vitu vinavyohitajiwa ni vya kawaida, na anayekwenda soko la Kimironko hatarudi kapu tupu. Tafuta kuku mmoja wa kilo moja na nusu. Kuku wa kisasa atafaa, lakini sisi tunampendelea wa kienyeji, hata aliyeacha kutaga, kwa maana siki hulainisha nyama ngumu na mifupa yake hutoa mchuzi mzito. Kitunguu saumu, ambacho majirani zako humwita tungurusumu, usikihurumie: kichwa kizima. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga nzima, vijiko vitatu vya mafuta, na majani matatu makavu ya kunukiza mchuzi, yale ambayo wasemao Kifaransa huyaita laurier. Siki ya Ufilipino hutokana na tembo la mnazi, mnipa au miwa, na ladha yake ni laini. Siki nyeupe ya dukani ni kali, basi chukua nusu kikombe tu, uichanganye na kikombe kimoja na nusu cha maji.

Kabla ya kuwasha jiko, tazama sufuria yako. Nyingi katika nyumba zetu ni za alumini, na siki huila alumini. Mchuzi hupata ladha ya chuma na sufuria hubadilika rangi. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ya bati lililopakwa rangi ya kauri, au chungu cha udongo, ambacho ndicho walichokitumia wazee wa Ufilipino.

Kata kuku vipande, umpake chumvi kijiko kimoja cha chai, umweke na siki na kitunguu saumu kilichopondwa kwa muda wa nusu saa. Mtoe, umkaange katika mafuta mpaka ngozi ipate rangi. Kisha rudisha siki yote pamoja na viungo, na hapo uweke mwiko mbali. Wafilipino hukataza kukoroga kabla siki haijachemka, tena sufuria huachwa wazi mwanzoni ili ukali utoke na mvuke. Ikiisha kuchemka dakika kumi, punguza moto na ufunike. Mwenye sosi ya soya atie robo kikombe sasa, na mwanzoni asitie chumvi kabisa.

Vitabu vya mapishi vilivyoandikwa Manila, mji wa pwani, husema dakika arobaini. Msivifuate. Kigali iko kadiri ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo nyama huchelewa kuiva. Kuku wa kisasa mpe saa moja. Wa kienyeji saa mbili au zaidi, ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo. Mwishoni funua, mchuzi upungue hadi ung'ang'anie nyama.

Kiandaliwe kwa wali, kama ule wa mchele wa Bugarama, na mboga za dodo pembeni. Ndizi za kuchemsha pia hukubaliana nacho vizuri.

Tukumbuke kwamba siki hupunguza nguvu za vijidudu, lakini si jokofu. Asiye na jokofu asiache chakula kipoe mezani kikimngoja mwenye zamu. Akiache juu ya makaa machache, kitokote polepole na mfuniko wake, akiongeza maji kila kinapokaribia kukauka. Mwenye jokofu akiweke humo mara kinapopoa, na kabla ya kula kichemshwe tena mpaka mvuke utoke katikati ya vipande. Kipimo hiki chatosha watu sita, pamoja na sehemu ya aliye lindoni.